Betri za Kuchaji na Sijda Iliyorefuka



Ramadhani iliyopita, usiku wa tatu wa tarawehe, kipaza sauti cha msikiti wetu kilizimika imamu akiwa katika sijda. Wanaume waliokuwa karibu naye walimsikia. Kina mama, walio ghorofani nyuma ya pazia, hawakusikia kitu. Kesho yake bibi mmoja mtu mzima alinijia akaniambia: "Maalim, tulikaa kwenye sijda hata goti langu likagoma. Tulipoinua vichwa, nyinyi mwatoa salamu." Sikuwa na la kumjibu ila kumwomba radhi, kwani betri za kile kipaza sauti nilizitia kwa mkono wangu.

Hukumu yake ni nyepesi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maamuma hana budi kujua mwendo wa imamu wake kwa kumwona, kwa kuziona safu, kwa kumsikia, au kwa mtu wa kufikisha sauti. Akikatikiwa na hayo, na anuie kufarikiana naye, akamilishe sala yake peke yake, wala hapana lawama. Lawama ilikuwa yangu, na kosa nililolifanya naliona majumbani mwetu kila siku: tochi inayofifia umeme ukipotea, mashine ya kupimia presha ya nyanya inayozimika kabla ya kutoa hesabu. Kisha twasema betri za kuchaji hazifai, tukazitupa, na pesa tumekwisha kuzitoa. Hiyo ni israfu.

Betri zile nilizichaji katikati ya Shaabani nikazitia kwenye droo. Nilidhani nguvu itaningoja. Betri zenye herufi NiMH ubavuni hupungukiwa zenyewe zikiwa zimekaa bure. Za namna ya zamani huweza kupoteza humusi nzima au zaidi kwa mwezi mmoja, na joto kama la pwani yetu huzidisha. Tangu mwaka 2005, kampuni ya Sanyo ya Japani ilipotoa betri za Eneloop, ipo aina inayohifadhi sehemu kubwa ya nguvu yake hata baada ya mwaka. Hizo ndizo za kununua kwa tochi na kwa mashine ya presha. Wala msizitie frijini kama wafanyavyo wengine. Unyevu haupatani nazo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Betri moja kati ya zile mbili niliitoa katika gari la kuchezea la mjukuu wangu. Betri zilizopangwa pamoja ni kama wachukuzi wa mzigo wa mpiko: mmoja akizimia, mwenzake hafiki. Bali ni zaidi ya hapo, kwani ile yenye nguvu huendelea kusukuma umeme kupitia ile iliyokwisha hata ikaigeuza chanya kuwa hasi, na betri iliyofanyiwa hivyo mara kadhaa haiponi. Basi zinunueni pamoja, zitieni alama moja kwa kalamu ya wino usiofutika, zichajini pamoja na kuzitumia pamoja. Mtoto akiazima moja, na azichukue zote.

Na taa ya kijani ya kipaza sauti je? Ilikuwa ikiwaka. Betri ya kawaida huanza na volti 1.5 ikashuka polepole. Ya kuchaji hukaa karibu na volti 1.2 muda mrefu, kisha huanguka ghafla. Taa iliyoundwa kwa ajili ya ile ya kwanza haiwezi kukupa habari njema za hii ya pili. Dawa ni kuhesabu saa za matumizi, na kubadilisha kabla ya wakati wake.

Chaja nayo ina mambo. Zile za bei nafuu hazijui betri imejaa. Huendelea kuitia umeme na kuipasha moto hadi uichomoe. Betri ya 2,000 mAh kwenye chaja ya 200 mA huhitaji saa 14 hadi 16, kwani sehemu ya umeme hupotea kwa joto. Mkiweza, nunueni chaja inayoisimamia kila betri peke yake na kujizima. Chajini mbali na jiko na jua. Betri ya kawaida msiichaji kabisa. Huweza kuvuja au kupasuka. Na mkiona betri ya ukubwa wa AA imeandikwa 4,000 mAh, huo ni uongo wa sokoni. NiMH ya kweli ya ukubwa huo haifiki 3,000.

Hewa yetu ya chumvi pia hushika kutu vyuma vya ndani. Vifuteni kwa kitambaa kikavu. Pakiwa na ungaunga mweupe wa betri iliyovuja, toeni betri, pambeni kwa pamba yenye siki kidogo, kisha mkaushe vyema.

Msikitini sasa tuna jozi tatu zenye alama. Jozi moja huchajiwa baada ya Alasiri na kutiwa kabla ya Isha, na nyingine hukaa tayari karibu na mimbari. Juu kwa kina mama, binti mmoja amepewa nafasi penye upenyo wa pazia aione safu ya kwanza na kufikisha takbira sauti ikikatika. Yule bibi ndiye aliyemchagua.

Wabillahi tawfiki.