Wanaume na harufu ya chini: tusisingizie vitunguu

Testi zimeisha, nimepata upenyo wa kuandika. Mada ya leo najua wengine mtaisoma mkiwa mmeficha kioo cha simu ili jirani asione. Poa tu. Naongelea harufu ya sehemu za siri za sisi wanaume.

Kwa nini? Kwa sababu hapa hosteli mjadala wowote wa harufu ukianza, unaishia kwa dada zetu. Wao ndio wanaouziwa sabuni maalumu, wao ndio wanaoimbiwa usafi tangu shule ya msingi. Sisi akina kaka tukiguswa kidogo tunajibu, "Aah, jana nilikula vitunguu swaumu," mada imefungwa. Msimamo wangu ni huu: chakula kinasingiziwa. Kesi yenyewe ni maji, nguo, na sisi kutofundishwa.

Tusikionee chakula lakini tusikitetee sana pia. Mchango kinao. Kitunguu swaumu kina kemikali zenye salfa zinazoingia kwenye damu na kutokea kwenye pumzi na jasho. Uwatu, ule unaopendwa sana Pwani, unaweza kufanya jasho na mkojo vinukie kama sukari iliyoungua. Pombe nayo, sehemu yake hutokea kwenye pumzi na jasho. Na mtu asiyekunywa maji ya kutosha mkojo wake unakuwa mkali, tone likibaki kwenye boksa linajitangaza lenyewe.

Ila sikilizeni hii. Mwaka 2006 watafiti wa Prague, Jamhuri ya Cheki, walichapisha utafiti wa wanaume 17 waliokula kwa wiki 2 chakula chenye nyama au kisicho na nyama. Wanawake wakanusa pedi zilizokaa kwenye makwapa yao. Harufu ya kipindi cha kutokula nyama ndiyo iliyopata alama nzuri zaidi. Halafu mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine wa huko huko, safari hii wa kitunguu swaumu, kwa wanaume 42. Matokeo? Harufu ya makwapa baada ya kula swaumu ilionekana nzuri zaidi! Hayo ni makwapa, si huko chini, na waliopimwa ni wachache, kwa hiyo msianze kutangaza kuwa swaumu ni pafyumu. Ninachosema ni kwamba chakula hakifanyi kazi kirahisi hivyo tunavyodai tukibanwa.

Sasa mhusika mkuu. Jasho likitoka tu halina harufu kubwa. Kwapani na kinenani kuna tezi zinazoanza kazi wakati wa balehe, zinatoa jasho zito lenye mafuta na protini. Bakteria wa kwenye ngozi wanalivunjavunja, na hapo ndipo harufu inapozaliwa. Ukivaa jinzi ya kubana na boksa ya nailoni siku nzima kwenye joto la Dar, umewawekea bakteria meza na viti.

Ambaye hajatahiriwa ana kazi ya ziada. Chini ya govi hukusanyika utando mweupe wa mafuta na ngozi iliyokufa, usipooshwa unanuka. Dawa yake ni kurudisha govi nyuma taratibu, kuosha kwa maji, kukausha, kisha kulirudisha mahali pake. Likigoma usilazimishe, nenda hospitali. Na nyie mliotahiriwa msicheke. Mikunjo ya mapaja na korodani mnayo kama wengine, na jasho halimuulizi mtu kama alienda jando.

Hapo kwenye jando ndipo panaponiuma. Kwa makabila yaliyokuwa nalo, kijana hakukatwa tu akaachwa. Alikaa na wakubwa, akafundishwa mwili wake na namna ya kuutunza. Siku hizi wengi tunatahiriwa hospitali tukiwa wadogo, na kwa usalama ni jambo jema. Lakini govi lilipokatwa na somo nalo likakatwa. Binti akivunja ungo huwa kuna shangazi, bibi au mwalimu wa kike wa kumvuta pembeni. Mvulana akibalehe nani anamvuta? Anaambiwa, "Wewe sasa mwanaume," basi.

Na kimya hicho kina gharama. Kijana anaona dalili, anaona aibu, anajipulizia pafyumu hadi ngozi inababuka, au ananunua vidonge vya antibayotiki kwa kuelekezwa na mshkaji. Antibayotiki haziui fangasi, ndugu yangu. Ukiona harufu mpya isiyoondoka hata baada ya kuoga, au kuna usaha, muwasho, vidonda, maumivu ukikojoa, hapo sabuni imeshamaliza kazi yake. Inaweza kuwa fangasi, maambukizi ya njia ya mkojo au ugonjwa wa zinaa kama kisonono. Fangasi inayojirudia kwenye uume inaweza hata kuwa dalili ya kisukari. Nenda ukapimwe, na kama una mpenzi, naye anahusika.

Najua mtasema maji yanakatika. Kweli, yanakatika. Lakini ndoo moja inatosha kuoga, na kopo moja linatosha huko tunakokuzungumzia. Osha kila siku kwa maji na sabuni isiyo kali, jikaushe kwenye mikunjo, badilisha boksa, ianike juani badala ya kuificha nyuma ya mlango, na taulo usiazime. Boksa chache za pamba si anasa.

Wenzangu wa ualimu, hili linatuhusu zaidi. Tukienda BTP tutakutana na wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili ambao miili yao imeanza kubadilika na hakuna aliyewaambia kitu. Tukiwacheka darasani, watajifunza kuficha. Tukiwatengea hata dakika 10 pembeni, bila matusi na bila aibu, tutakuwa tumerudisha kipande cha jando ambacho hakihitaji kisu.

Ni hayo tu kwa leo, nawasilisha. Kaka zangu mtakaonuna, nuneni mkiwa mmeoga.