Mwalimu wa wiki tatu hatutoshi

Mgeni akija hapa Kakuma na fidla sita kwenye masanduku, kila mtu anataka kujiandikisha. Tunaelewa. Lakini tuseme ukweli, vijana wenzetu: fidla si kitu cha wiki tatu halafu cheti na picha. Mkono unaoshika upinde ukizoea vibaya mwanzoni, kuunyoosha baadaye ni kazi ya miezi mingi. Na video za kwenye simu, hata ukiwa na bando, zinakuonyesha mkono wa mtu mwingine. Wako haziuoni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mwalimu ametoka nchi gani, uliza atakuwa hapa mpaka lini. Halafu omba kumsikia mwanafunzi aliyekaa naye mwaka au miwili, maana huyo ndiye cheti chake. Mwalimu wa kwaya anayesoma noti vizuri na kukurudisha mstari uleule mpaka sauti iwe safi atakufikisha mbali kuliko bingwa anayepita tu. Na siku akikuambia, "Mimi nimeishia hapa, sasa tafuta mwingine," usimwone mdogo. Wenye moyo huo ni wachache.

Wanaosema okestra ni mambo ya wazungu waangalie Kinshasa. Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya Wakimbangu mwaka 1994, na wachezaji wa mwanzo walikuwa wakipokezana ala chache zilizokuwepo. Korogocho, Nairobi, Ghetto Classics ilianza 2008, na pale wanafunzi wakubwa wanafundisha wadogo. Yaani mwalimu anatengenezwa papo hapo mtaani.

Kuhusu kuishi kwa okestra peke yake, tusidanganyane. Okestra kubwa za Ulaya na Marekani zinasikiliza watu wengi kwa kiti kimoja, mara nyingi ukiwa nyuma ya pazia, unacheza dakika chache tu na basi. Huku kwetu Afrika Mashariki wanamuziki wengi wa aina hii wanakula kwa kufundisha, kucheza harusini na kanisani. Si aibu. Ila anayetaka njia hii ajifunze kufundisha mapema, na kama vidole vinakubali, afikirie viola au chelo. Kwenye fidla foleni ni ndefu.

Ninyi wa mashirika, tunawaomba hivi: mkiwa na pesa ya fidla sita, nunueni nne, zinazobaki zichangie malipo ya mwalimu anayeishi hapahapa, kila mwezi, kwa miaka miwili. Nyuzi za akiba pia, maana zikikatika hapa Kakuma hakuna duka la kukimbilia. Na mtu akipata mwalimu au mtihani Nairobi, hawezi kupanda basi tu kama wengine, lazima awe na kibali cha kusafiri. Msaidieni kukiomba mapema. Tarehe ya mtihani haingoji barua.