Akili ya mzee ipimwe kabla ya mikorosho kuuzwa

Kila minada ya korosho inapokaribia kufunguliwa mwezi Oktoba, mapatano mengine hufanyika kimya kimya katika vijiji vya Mtwara, kuanzia Nanyamba hadi Msimbati karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Mzee mwenye ekari tano za mikorosho, ambaye siku hizi humwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki, anashikwa mkono aweke dole gumba kwenye karatasi ya rehani au ya mauziano. Mnunuzi wa kangomba ana haraka, mtoto ana shida ya fedha, na shahidi ni jirani aliyenunuliwa soda. Ndugu wengine wakirudi kutoka Dar es Salaam, kesi inaanza.

Karatasi hiyo huenda isiwe na thamani yoyote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayefunga mkataba awe na akili timamu, yaani aelewe anachokubali na aweze kupima kama kina manufaa kwake. Wasichokijua wengi ni kwamba sheria hiyo hutazama wakati ule ule wa kukubaliana. Mtu ambaye kwa kawaida akili yake haijatulia anaweza kufunga mkataba halali siku aliyotulia, na aliye mzima hawezi kufunga akiwa anaweweseka kwa homa. Umri hauthibitishi kitu. Mzee wa miaka 85 anayejua idadi ya miti yake, mpaka wake na jirani, na bei aliyolipwa msimu uliopita, ana haki ya kuuza shamba hata kama wanawe wote wamenuna.

Hili lazima lisemwe, kwa sababu wapo pia watoto wanaomtangaza baba "amechanganyikiwa" siku tu anapokataa kugawa mali. Kadi ya benki yenye malipo ya korosho huhamia mfukoni mwa mtoto, pamoja na namba ya siri, bila hakimu wala daktari kuulizwa. Wengine hukimbilia hati ya uwakilishi. Lakini mamlaka ya wakala hukoma aliyempa anapopoteza akili timamu, na hati iliyotiwa dole baada ya hapo haina msingi. Njia halali ni Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008: mahakama huchunguza kwanza hali ya mhusika, ndipo imteue msimamizi wa mali yake.

Tatizo kubwa liko kwenye kipimo chenyewe. Cheti cha mstari mmoja, "ana matatizo ya akili", hakimsaidii hakimu. Mtu anaweza kushindwa kuendesha akaunti ya benki na bado akajua vizuri nani amlimie shamba. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2005, huuliza uwezo kwa uamuzi mmoja mmoja: je, ameelewa, amekumbuka muda wa kutosha kuamua, amepima, ameweza kueleza? Isitoshe, vipimo vingi vya hospitali vilitungwa kwa watu waliosoma. Kumwambia mkulima asiyejua kuandika aandike sentensi ni kupima shule, si akili. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako uchunguzi wa mwaka 2010 uliwakuta wazee takriban 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wakiwa na ugonjwa wa kusahau, watafiti walibuni kipimo kinachotumia hata njiti za kiberiti badala ya kalamu. Kipimo cha namna hiyo kinafaa pia Ligula na vituo vya afya vya vijijini.

Kijiji nacho kina kazi yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuhamisha haki ya kimila kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Kabla ya kugonga muhuri, wajumbe wamwite mzee peke yake, mtoto na mnunuzi wakae nje. Aulizwe kwa Kimakonde kama ndicho anachokimudu: anauza nini, kwa kiasi gani, na mwakani atakula nini? Aulizwe tena siku nyingine, asubuhi, akiwa hajachoka. Majibu yakigongana, mauzo yasimame na familia ielekezwe kwa daktari, kisha mahakamani. Chama cha msingi nacho kisikubali kubadilisha akaunti ya malipo ya mkulima kwa neno la mtoto peke yake.