Kabla ya kupiga picha na turubai, uliza

Siku hizi video za "plastiki erevu" zimejaa. Unaikunja, unaipasha moto, inarudi umbo lake la kwanza. Watu wanashangilia kweli. Sawa, ni poa. Ila mimi niko huku Idsowe, na huku plastiki tunayoitegemea mafuriko yakija ni turubai. Hiyo ndiyo nataka tuijadili.

Tuanze na ujanja wenyewe, manake si uchawi wala si kitu cha jana. Nenda kwa fundi wa simu pale Garsen. Akishaunga waya, anauvalisha kampira fulani, anakapitishia moto, kanabana. Kiwandani kalianza kembamba, kakapashwa moto, kakatanuliwa, kakapozwa vile vile. Moto ukikagusa tena, kanarudi wembamba wake. Basi, hiyo ndiyo plastiki inayokumbuka.

Turubai nalo ni ndugu yake. Ni poliethilini, jamii moja na jerikeni. Nguvu yake inatoka kwa minyororo mirefu sana ya molekuli iliyosokotana. Upepo ukivuta, minyororo inanyooka kidogo, turubai linavumilia. Shida ni jua. Miale yake, ile hata huioni kwa macho, inakata minyororo polepole. Ikishakuwa mifupi, turubai halinyumbuki tena. Linakauka, linapata nyufa, ukilikunja linabanduka mkononi kama ganda la kitunguu.

Dawa yake inajulikana zamani. Masizi ya kaboni yakichanganywa kwenye plastiki yanaimeza ile miale. Unafikiri matangi mengi ya maji ni meusi kwa urembo? Hata turubai la viwango vya mashirika makubwa ya msaada hufumwa kwa nyuzi nyeusi ndani, kisha likapakwa tabaka zenye dawa ya kuzuia jua. Lile la bei ya chini laweza kukosa hayo yote, na siku ya kwanza usione tofauti.

Na picha za kukabidhi msaada hupigwa siku gani? Siku ya kwanza.

Mwaka wa 2023 na tena 2024, Tana ilifurika na familia nyingi za kaunti yetu zikahama. Kambi haiishi wiki mbili. Maji yakishuka, kuna nyumba ya kujenga upya na shamba la kuanza chini. Turubai likichanika kati ya hapo, mtoto analowa mara ya pili.

Najua kuna atakayesema cha bure hakikaguliwi. Hapana, jamani. Hicho cha bure kimenunuliwa na pesa za mtu, mara nyingi kodi yako. Yule anayenunua aulizwe: kila mita mraba ina uzito wa gramu ngapi? Lina dawa ya jua? Limehakikishiwa miezi mingapi juani? Majibu yaandikwe kwenye tenda.

Tusijidharau tukadhani plastiki ni elimu ya wazungu. Hapo Lamu tu, mafundi walijenga jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki, na mwaka wa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Waliojenga chombo cha kuvuka bahari ni jirani zetu. Sisi kukagua turubai kutatushinda?

Mimi chuo nilikiacha njiani, lakini kuuliza swali hakuhitaji digrii. Chifu, mzee wa kijiji, kijana mwenye simu: lori likifika, ulizeni kwanza. Picha baadaye.