Bomba la Hewa Nalo ni Sehemu ya Programu!

Haya wasomaji, leo tunaweka PHP na hifadhidata kando. Nina hasira, na hasira yenyewe imetoka chini ya boneti ya Probox moja huko Kithyoko. Kwa wasiopajua, Kithyoko ni soko lililo kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, ukishapita Matuu na kabla hujafika Mwingi. Ni upande mkavu wa Machakos: jua, vumbi, ndengu na malori.

Ninachotaka kusema nakisema mapema, halafu nitathibitisha. Muuzaji anayekupa bomba jipya la kuvuta hewa na kukuambia "funga tu, uende" anakuuzia programu yenye hitilafu. Na fundi anayejibu hitilafu hiyo kwa kubadilisha vipuri kimoja kimoja anabahatisha kwa pesa zako.

Kisa ni hiki. Mjomba wangu hubeba ndengu na abiria kati ya Kithyoko na Matuu. Duka moja la Nairobi likamuuzia bomba la alumini linalong'aa, lenye eya klina ya umbo la koni, kwa ahadi kwamba gari litapata nguvu na kupunguza kunywa petroli. Eya klina ya zamani pamoja na kisanduku chake cha plastiki vikatolewa. Kesho yake gari likaanza kuzima: asubuhi injini ikiwa baridi, na kila akiachia mafuta kukaribia matuta. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akabadilisha pampu ya petroli. Wa tatu akasema tanki lina uchafu. Sh 18,000 zikaenda, na gari likaendelea kuzima vilevile.

Kabla hujacheka, kumbuka maana ya gari kuzima ukiwa barabara kuu. Usukani unakuwa mzito ghafla. Breki husaidiwa na mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini, kwa hiyo injini ikizima unabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Nyuma yako kuna lori la kwenda Garissa. Huo si usumbufu mdogo jamani!

Sasa tuingie kwenye kodi. Injini ya Probox ya mjomba ni 1NZ-FE, lita 1.5, inayotumia sindano za petroli zinazoongozwa na kompyuta. Kompyuta inataka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Ili ijue imepata hewa kiasi gani, kuna sensa yenye kiwaya kinachopashwa moto. Hewa ikipita inakipoza, na umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake ndio unaotafsiriwa kuwa gramu za hewa kwa sekunde.

Hapa ndipo wauza mabomba wanaponyamaza. Sensa haioni bomba zima. Inaonja hewa ya sehemu ndogo tu, halafu kompyuta inazidisha kwa jedwali lililoandikwa kiwandani kwa ajili ya bomba la upana fulani. Upana huo ni namba iliyo ndani ya programu, hata kama huioni kwenye skrini. Ukibadilisha bomba, umebadilisha namba bila kugusa programu.

Tufanye hesabu. Tuseme bomba la kiwandani lina kipenyo cha milimita 60 mahali sensa inapokaa, na jipya lina 70. Eneo linaongezeka kwa mraba: 70 gawanya kwa 60, mara yenyewe, ni 1.36. Hewa ileile sasa inapita polepole zaidi, sensa inaona kama asilimia 73 tu yake, na kompyuta inamwaga petroli ya hiyo asilimia 73. Badala ya 14.7 unapata karibu 20 kwa 1. Injini inakaukiwa petroli huku tanki limejaa!

"Lakini mbona wakati mwingine linaenda vizuri?" Kwa sababu kuna sensa ya oksijeni kwenye ekzosti inayoiambia kompyuta kwamba petroli haitoshi, na kompyuta inaongeza. Ila injini ikiwa baridi kompyuta bado haiisikilizi sensa hiyo, kwa hiyo hakuna wa kusahihisha. Na ukiachia mafuta ghafla, hewa ndani ya bomba inayumba, sensa inasoma vibaya, nayo injini haina mzunguko wa kutosha kuvumilia kosa hata la nusu sekunde. Inazima. Asubuhi na kwenye matuta, sawasawa na malalamiko ya mjomba.

Je, hii ni nadharia ya mtoto wa kompyuta? Hapana. Nilichomeka kifaa kidogo cha ELM327 kwenye tundu lililo chini ya usukani. Magari ya soko la Japani hayakulazimishwa kufuata sheria ya Marekani ya 1996 kuhusu tundu hilo, kwa hiyo si kila gari litajibu, hili lilijibu. Nikaiuliza kompyuta swali 01 07, yaani masahihisho ya petroli ya muda mrefu. Ikajibu 41 07 A6. A6 ni 166. Toa 128, zidisha kwa 100, gawanya kwa 128: asilimia 29.7. Kompyuta ilikuwa inaongeza karibu theluthi nzima ya petroli ili gari lisife! Nikauliza 01 10, kiasi cha hewa. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa ilijibu 41 10 00 96, yaani gramu 1.50 kwa sekunde.

Tukarudisha kisanduku cha plastiki, tukafuta kumbukumbu, mjomba akaendesha siku kadhaa. Hewa ikasoma 00 CC, gramu 2.04. Masahihisho yakawa 82, yaani asilimia 1.6. Haikuzima tena. Kazi yote iligharimu bisibisi na dakika 20. Plagi, pampu na tanki havikuwa na kosa lolote.

Sasa niwatendee haki mafundi, maana si wajinga. Wengi walifundishwa na waliofundishwa kwenye kabureta, na kabureta haina jedwali. Hewa yenyewe ikipita kwenye shingo nyembamba inavuta petroli, kwa hiyo ukibadilisha eya klina kabureta inajirekebisha kwa kiasi kikubwa. Mazoea hayo yalikuwa sahihi kwa mashine ile. Mashine imebadilika. Ninachokataa ni kuendelea kutoza watu pesa kwa mazoea yaliyopitwa na wakati, ilhali gari lenyewe liko tayari kusema linaumwa wapi.

Kwa hiyo kama gari lako lilianza kuzima baada ya kufungwa bomba jipya, usinunue kitu kwanza. Fanya hivi:

1. Kaza klampu zote kati ya sensa na injini. Hewa inayoingia baada ya sensa haihesabiwi. Angalia pia mpira mdogo wa kupumua kwa injini. Mabomba mengine hayana hata mahali pa kuuchomeka, na watu huuacha wazi.

2. Tazama mshale kwenye sensa. Ikifungwa kinyume, au karibu mno na kona, itasoma upuuzi.

3. Soma masahihisho gari likiwa limesimama, halafu kwenye mizunguko 2,500. Yakiwa makubwa likiwa limesimama na kupungua ukikanyaga, tafuta mahali panapovuja. Yakibaki makubwa kote, sensa inasoma pungufu. Kosa la P0171 lina maana hiyohiyo kwa ufupi: hewa nyingi, petroli kidogo.

4. Kama eya klina mpya hupakwa mafuta, huenda yamefika kwenye kiwaya. Kisafishe kwa dawa yake maalumu. Usikiguse kwa kitambaa wala kidole.

5. Rudisha kisanduku cha zamani. Kuzima kukiisha, umepata jibu.

Watakaokuja kunipinga nawajua: "Mbona vijana wa Subaru wanafunga na magari yanapaa?" Kweli, wanafunga. Wengine wamenunua bomba lililotengenezwa kwa upana uleule kwenye sensa. Wengine wamebadilisha jedwali ndani ya kompyuta. Yaani walibadilisha bomba NA programu kwa pamoja. Hilo silipingi hata kidogo. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu wenye magari kubadilisha programu za magari yao wenyewe, ruhusa iliyoanza kutumika 2016, nami naiunga mkono. Gari lako ni lako. Lakini haki ya kubadilisha haiji na msamaha wa kutopima.

Na hizo nguvu zenyewe? Koni iliyo wazi chini ya boneti inavuta hewa ya moto. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60, inapoteza kama asilimia 9 ya uzito wake. Kisanduku cha kiwandani kilikuwa kinavuta hewa ya nje, na kuzuia vumbi lisikwangue silinda. Kwa Probox ya kubebea ndengu Kithyoko, kile ulichokuwa nacho ni bora kuliko ulichonunua.

Ninadai mambo mawili tu. Muuzaji aandike kwenye boksi aina ya injini na kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa. Asiyeweza kutaja namba hizo, usimpe pesa. Na kila gereji, hata ile ya chini ya mti, iwe na kifaa cha kusoma gari, na fundi asome namba kabla ya kushika spana. Sisi waandishi wa programu hatubadilishi seva nzima kabla ya kusoma logi. Dereva wa Kithyoko anastahili angalau heshima hiyohiyo.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Kazeni klampu zenu :-)