Kompyuta moja nyumbani, kila mtu na mlango wake

Jumamosi moja mwanangu wa kidato cha pili alinifuata jikoni akiwa na furaha. “Mama, nimekusafishia kompyuta. Ilikuwa inasema nafasi imejaa.” Nikamshukuru, nikaendelea kukuna nazi. Wiki tatu baadaye ndipo nilipojua alichosafisha.

Nilikuwa nimeomba kazi mahali, nasubiri jibu. Kimya. Nikajiambia hawajanitaka. Siku hiyo shoga yangu tuliyeomba naye akanipigia: “Mwenzangu, umejiandaaje na usaili? Si keshokutwa?” Nikaduwaa. Nilipofungua kapu la taka la Gmail, barua ya wito nikaikuta humo pamoja na nyingine mia kidogo. Gmail huzitunza barua zilizofutwa kwa siku 30, kisha huziondoa moja kwa moja. Nilikuwa nimebakiwa na siku chache.

Sikumgombeza. Yeye alikaa kufanya kazi ya shule, akakuta barua zangu ziko wazi na tangazo la kujaa. Hakujua kwamba nafasi hiyo ni yangu, zile GB 15 za bure ambazo Google humpa kila mtu kwa ajili ya barua, mafaili na picha zake. Aliyeacha mlango wazi ni mimi.

Mzazi mwenzangu, kama nyumbani kwako kompyuta ni moja, usingoje yakukute. Ikiwa inatumia Windows, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, umfungulie kila mtu akaunti yake yenye nywila yake. Wewe baki msimamizi, watoto wape akaunti ya kawaida. Hapo kila mmoja akiingia anakuta barua zake, kalenda yake na mafaili yake tu. Ukiinuka kwenda kuangalia chungu, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi L, kompyuta inajifunga. Ukirudi, unaendelea ulipoachia.

Wengine hutengeneza profaili tofauti ndani ya Chrome na kuona yameisha. Njia hiyo inamfaa mtu mmoja anayetaka kutenganisha barua za kazini na za nyumbani. Kwa watu wawili haitoshi, kwa sababu mtoto akibofya picha yako pale juu kulia anaweza kuhamia kwako bila kuulizwa nywila.

Nilipomweleza baba watoto, akacheka: “Kwani humu ndani tunafichana nini?” Nikamjibu kwamba kila mtu ana kabati lake la nguo na hakuna anayesema tunafichana. Dada yangu huniandikia mambo ya ndoa yake. Yeye ana barua za ofisini. Siku za kliniki yangu zimo kwenye kalenda. Hayo si ya mtoto kuyasoma. Tena mtoto akijibu barua moja kwa utani, huko inakokwenda inasomeka kwa jina langu.

Lakini kutengana kwote nako kuna shida: siku ya kikao cha wazazi tunaweza kujikuta wote wawili tuko safarini. Kwa hiyo tumefungua kalenda moja ya familia, tunaandika humo ada, vikao vya shule, chanjo na harusi. Mengine yanabaki kwenye kalenda ya mwenyewe. Kalenda ya Google hata inakuruhusu kumwonyesha mwenzako kwamba saa fulani una shughuli, bila kumwonyesha ni shughuli gani.

Kwa mtoto mdogo, usimdanganyie umri ili apate barua pepe. Aliye chini ya miaka 13 hufunguliwa akaunti na mzazi kupitia Family Link, nawe unabaki na usimamizi. Akiwa mkubwa kidogo, mwambie mapema unaangalia nini na huangalii nini. Akijua mipaka yako, naye ataheshimu ya kwake.

Usaili niliuwahi. Kazi sikuipata, ila nilikosa kwa majibu yangu mwenyewe, si kwa sababu ya kapu la taka. Na mwanangu sasa ana akaunti yake. Juzi nafasi yake ilijaa, akaja kuniuliza: “Mama, nikifuta hizi, kuna ya mtu?”