Hiace ya zamani na kontroli tekniki: karatasi inasema ndiyo, freni inasema nini?

Mvua ya kwanza ikinyesha Lubumbashi, kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, vumbi ya miezi mingi inageuka utelezi juu ya lami. Siku hizo njo freni za taksibisi zinapimwa kwa kweli: karibu na soko ya Kenya, kwenye njia ya Kasapa, ao pale motokari zinapanga mustari kuelekea Ruashi. Ajali ikitokea, watu wanauliza kwanza: "Ile motokari ilikuwa na makaratasi?" Ulizo hilo ni la haki, lakini halitoshi. Motokari inaweza kuwa na makaratasi yote kwenye kioo na bado iwe mbovu. Leo tunaangalia sababu yake, na tunachukua mufano wa Toyota Hiace ya zamani, ile inayobeba wanafunzi, wamama wa soko na wafanyakazi kila asubuhi.

Karatasi moja, kazi mbili

Sheria ya barabara ya Kongo ni namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978. Inaomba motokari inayotembea barabarani iwe katika hali isiyohatarisha watu, na kontroli tekniki iko hapo juu ya kuhakikisha hali hiyo. Lakini kwetu ile karatasi inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ni cheti cha usalama, na ni njia ya pesa kuingia katika sanduku la serkali. Haut-Katanga, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 wakati Katanga kubwa ilikatwa, linahitaji mapato kama majimbo mengine.

Hapo shida inaanza. Kodi inafaulu kama watu wengi wamelipa. Kontroli inafaulu kama motokari mbovu zimesimamishwa. Ukiunganisha vitu hivi viwili kwenye dirisha moja, mutu aliyelipa anaona kwamba amemaliza. Polisi wa rulaji naye, barabarani, hana mashine ya kupima freni. Anaangalia tarehe kwenye karatasi. Basi shofere anajifunza kuwa na karatasi yenye tarehe nzuri, hata kama freni yake haishiki.

Volani inahama, mulango unabaki

Hiace nyingi za muji wetu zilitengenezwa juu ya barabara za Japani. Kule wanatembea upande wa kushoto. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume. Watu wengi wanazungumza tu juu ya volani: iko kuume, inaleta shida wakati wa kupita motokari ingine, na kuko magaraji yanayoihamisha kwenda kushoto. Kazi hiyo inahitaji kukata, kulehemu na kufunga upya sehemu zinazoongoza magurudumu. Kama ilehemu ni mbaya, shofere anaweza kupoteza volani kabisa. Hakuna mutu anayeiona akiwa amesimama inje. Lazima kulala chini ya motokari na taa mukononi.

Lakini kuko kitu ambacho hata volani ikihamishwa vizuri hakibadilike: mulango wa kusukuma. Katika Hiace ya Japani mulango ule uko kushoto, upande wa njia ya watu wa miguu kwao. Kwetu, kushoto ni katikati ya barabara. Mama anashuka na beseni yake, mutoto anashuka na sakoshi ya masomo, wanaingia moja kwa moja mbele ya motokari na pikipiki zinazopita. Reseveri anayening'inia kwenye mulango ule naye iko upande wa hatari. Motokari ileile, kama ingepimwa Japani, ingepita bila tatizo juu ya mulango. Ni barabara njo ilibadilika.

Taa pia. Taa za mbele za Japani, zikishushwa, zinarusha mwangaza zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara yao. Kwetu mwangaza huo unaingia katika macho ya anayekuja mbele. Shofere anasema taa zinawaka, na ni kweli. Lakini kontroli inapashwa kuuliza pia zinaangazia wapi.

Vitu vinavyoharibika mbele ya vingine

Tukiacha mulango na taa, mafundi wanajua Hiace ya zamani inaumwa wapi.

Ya kwanza ni freni za nyuma. Nyuma kuko tamburi, na ndani yake silinda ndogo inayosukuma viatu vya freni. Mipira ya silinda ikichoka, mafuta ya freni yanavuja ndani ya tamburi, na gurudumu hilo halishike tena. Motokari inavuta upande mmoja. Mafuta ya freni nayo yanakunywa maji ya hewa polepole. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, yanachemka haraka wakati shofere anashika freni mara kwa mara, na mguu unazama.

Ya pili inahusu desturi yetu wenyewe. Katika Hiace nyingi kuko valvu karibu na ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kusikia muzigo: motokari ikiwa tupu, inapunguza nguvu ya freni za nyuma ili magurudumu yasiteleze, ikijaa, inaongeza nguvu. Inajua muzigo kwa kupima namna bodi imekaribia ekseli. Sasa mwenye motokari anaongeza malame, vile vyuma virefu vya nyuma, ili ibebe watu zaidi na isiguse chini kwenye mashimo. Motokari inainuka. Valvu inafikiri motokari iko tupu, kumbe imejaa watu. Inapunguza freni za nyuma wakati zinahitajika zaidi. Hakuna kinachovuja, hakuna kinachopiga kelele, na ukiangalia kwa macho tu utasema malame mapya ni alama ya matunzo mazuri.

Ya tatu ni sehemu za mbele: rotila na vifungo vya volani. Mashimo ya njia zetu yanavimaliza haraka. Kuvijua, lazima kuinua motokari mbele na kutikisa gurudumu kwa mukono ao kwa chuma.

Ya ine ni mipira ya magurudumu. Mupira wa okazyo unaweza kuwa na meno mazuri na bado uwe mzee. Kwenye ubavu wake kuko namba ine za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2314, ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Mupira wa namna hiyo, juu ya joto na muzigo, unaweza kupasuka hata kama unang'aa.

Ya tano ni chuma chenyewe. Hiace nyingi zilifika zikiwa motokari za kubeba vitu, na viti vilifungwa baadaye. Kama beshi imelehemiwa juu ya chuma chembamba chenye kutu, siku ya kugongana beshi inang'oka na watu wake wanaenda mbele wote pamoja.

Kwa nini kontroli inakosa

Kontroli yoyote, hata ya inchi tajiri, inaonyesha hali ya siku moja. Kesho silinda inaweza kuvuja. Njo maana inchi nyingi zinarudilia kipimo: Japani, motokari ndogo mpya ya kawaida inapimwa baada ya miaka 3, kiisha kila miaka 2. Taksibisi inayotembea kutoka saa kumi na moja asubuhi mpaka usiku inachoka haraka kuliko motokari ya familia, basi cheti chake kinazeeka haraka pia.

Kosa la pili ni kipimo cha macho. Mutu mwenye uzoefu anaona kioo kilichovunjika na taa iliyokufa. Lakini kuvunja usawa kwa freni kati ya gurudumu la kushoto na la kuume, mashine yenye rola inaandika kwa namba. Bila namba, kila kitu kinabaki maneno: fundi anasema mbaya, shofere anasema nzuri, na mwenye pesa anashinda. Kontroli isiyo na namba inaweza kukosa pande mbili: kupitisha motokari mbovu, na pia kukataa motokari nzuri ili mwenyewe alipe kitu. Makosa yote mbili yanaua imani. Mashofere wakisha kuona kwamba kipimo ni bahati nasibu, hakuna anayetengeneza motokari mbele ya kwenda kupima.

Pesa ya siku

Hapa tusilaumu shofere peke yake. Kila jioni anapashwa kuleta kwa patroni pesa ya siku, ile tunaita "versement". Kabla ya kupata yake, analipa esansi ao mazutu, reseveri, na mambo ya njiani. Siku motokari inalala garaji, pesa ya siku haipunguke kwa kila patroni. Basi silinda inayovuja inafungwa, mupira unasubiri mwezi ujao, na safari inaendelea. Anayeamua juu ya matengenezo makubwa ni patroni, lakini anayekamatwa njiani ni shofere, na anayeshuka katikati ya barabara ni abiria.

Tena, tukisema kesho Hiace zote mbovu zisimame, mama wa Katuba ataenda soko kwa miguu ao kwa pikipiki, na pikipiki nayo iko na hatari yake. Ukali bila usafiri mwingine unahamisha ajali tu. Ndiyo sababu mpango wa hatua kwa hatua unafaa kuliko operesheni ya juma moja.

Nini kinaweza kubadilika

Hatua ya kwanza haiombe pesa nyingi: cheti kiandike namba za kipimo, si muhuri tu. Nguvu ya freni kushoto na kuume, mwaka wa mipira, upande wa mulango. Ya pili: mutu anayelipisha asiwe yule anayepima. Ya tatu: motokari iliyokataliwa juu ya kitu kimoja irudi kupimwa kitu hicho bila kulipa tena, ili kutengeneza kuwe na faida kuliko kutafuta karatasi. Ya ine: vituo vitangaze kila miezi mitatu ni motokari ngapi zilipimwa na ngapi zilikataliwa. Kituo ambacho hakikatae hata moja, katika muji wenye motokari za miaka 20 na zaidi, kinajishitaki chenyewe. Na juu ya mulango wa kushoto, muji unaweza kuanza na kitu rahisi: vituo vya kushukia ambapo taksibisi inatoka kabisa kwenye njia.

Wewe msikilizaji ambaye unapanda kesho, angalia mambo matatu. Kama shofere anapiga mguu mara mbili ao tatu mbele motokari isimame, freni ni mgonjwa: shuka kwenye kituo kinachofuata. Tikisa kiti chako mbele ya kukaa. Na kama mulango uko kushoto, angalia nyuma mbele ya kuweka mguu chini, kiisha shika mutoto upande wa motokari, si upande wa barabara. Kwa patroni tunaomba moja tu: mara ingine ukiongeza malame, muulize fundi wako juu ya ile valvu ya nyuma. Kama haijue, tafuta fundi mwingine.